Ng'ombe Asiyepata Joto

Ukishuka matatu pale Karatina siku ya soko, kabla hata hujanyoosha mgongo, macho yako yatagongana na kikaratasi kilichobandikwa kwenye nguzo ya stima. Kinatangaza mambo matatu, na mpangilio ni uleule katika kila mji: mapenzi, biashara, nguvu za kiume. Chini yake kuna nambari ya simu. Utavikuta Nyeri mjini, utavikuta Chaka na Nanyuki, utavikuta Embu hadi Chuka, na mvua ikivibandua usiku, asubuhi vimerudi. Kwa miaka mingi nilidhani wanaopiga nambari zile ni wazee wenzangu: mmoja ana kisukari, mwingine amemezwa na chupa, mwingine ameongeza mke wakati mwili unapunguza kazi. Mkimbiaji sikuwahi kumweka kwenye foleni hiyo.

Ningemwekaje? Kijana wa miaka 23, tumbo bapa, miguu kama ya paa, amemaliza kilomita 20 kabla mimi sijapata kiatu cha pili chini ya kitanda. Kama uanaume ungekuwa unapimwa kwa macho, yeye ndiye angepewa kikombe. Jioni hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo macho hayalioni: kwamba kijana huyo anaweza kuwa na homoni ya kiume kidogo kuliko konda wa matatu anayempita barabarani akitafuna smoki. Na mara nyingi sababu haiko kwa adui wala kwa mizimu. Iko kwenye sufuria.

Watu wakitaja mbio hutaja Iten na Eldoret, nasi wa huku tunanyamaza kwa adabu. Lakini huu Mlima Kenya wetu nao una daftari lake. Kipchoge Keino alikuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo katika chuo cha polisi cha Kiganjo, hapa karibu na Nyeri, katika miaka ileile aliyokuwa akiifanya dunia ijue Kenya iko wapi. Timu ya taifa ya mbio za nyika kwa miaka mingi ilipiga kambi Kigari, Embu, katika chuo cha ualimu cha St. Mark's, kwenye miteremko ya mlima. Na katika enzi hiyo wanaume wa Kenya walitwaa ubingwa wa dunia wa timu kila mwaka tangu 1986 hadi 2003, mara 18 bila kukatika. Catherine Ndereba ni binti wa Gatunganga, ameshinda Boston mara 4. Charles Kamathi, mzaliwa wa Nyeri, ndiye aliyemkata Haile Gebrselassie katika mita 10,000 kule Edmonton mwaka 2001, wakati wengi walikuwa wameshamwandikia Haile dhahabu hiyo. Ukivuka kupitia Mweiga na Ndaragwa ukafika Nyahururu, unaingia nyumbani kwa Julius Kariuki, dhahabu ya kuruka viunzi na maji Seoul 1988, na kwa marehemu Samuel Wanjiru, aliyeshinda marathoni ya Beijing mwaka 2008 kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, katika joto ambalo wengine walikuwa wakilitafutia kivuli.

Kwa hiyo kila alfajiri barabara zetu zina vijana wanaoamini kwamba ufalme huo unarithiwa kwa jasho peke yake. Wanajua kukimbia. Kula hawajafundishwa.

Hebu tumfuate mmoja. Si mtu halisi. Nimemshona kutoka kwa wengi niliowaona, kwa hiyo mama usimtafute mwanao humu. Amekodi chumba Ruring'u pamoja na wenzake wawili, karibu na uwanja. Saa kumi na moja na nusu alfajiri ameamka, amekunywa maji glasi moja, ametoka. Kilomita 16. Saa mbili na nusu amerudi, chai ya maziwa yenye sukari vijiko vinne, vipande vinne vya mkate, kimya. Saa nne uwanjani, mbio za kasi, mzunguko baada ya mzunguko. Ukijumlisha na kupasha mwili ni kilomita 8. Kisha analala. Wakimbiaji wanasema kulala ni sehemu ya mazoezi, na ni kweli, ila usingizi nao ni njia ya zamani sana ya kuidanganya njaa. Saa nane githeri, sahani moja, mahindi mengi na maharagwe ya kuhesabu, maana maharagwe yamepanda bei. Saa kumi na moja jioni, kilomita 6 za kunyoosha miguu. Usiku ugali na sukuma wiki. Nyama ni Jumapili, kama kuna aliyetumiwa pesa.

Hakuna kitu katika orodha hiyo ambacho ningekikataza. Chai ni njema, githeri ni njema, sukuma ni njema. Shida ni hesabu. Kwa makadirio ya wataalamu, kila kilomita ya kukimbia humgharimu mtu kilokalori moja hivi kwa kila kilo ya uzito wake. Kijana wetu ana kilo 58. Kilomita 30 kwa siku ni zaidi ya kilokalori 1,700. Sasa tuseme, kwa ukarimu, kwamba vyakula vile vyote vimempa 2,600. Ukiondoa gharama ya mbio zinabaki kama 900. Hizo ndizo ziendeshe moyo, ubongo, maini, figo, zitengeneze damu, zikarabati mifupa na misuli, zimlinde na baridi ya usiku wa Nyeri, na baridi hiyo mnaijua. Mtoto wa chekechea anahitaji zaidi ya hapo.

Mwili hufanya nini ukipewa bajeti kama hiyo?

Nina shahidi, naye ni ng'ombe. Wafugaji wa Mukurweini, Othaya na Tetu mtaniunga mkono. Una ng'ombe amezaa, anatoa maziwa ndoo kwa ndoo, lakini kiangazi kimekausha nepia na hela ya chakula cha dukani haipo. Unamkamua asubuhi na jioni. Miezi inapita, ng'ombe hapati joto. Unamwita daktari wa mifugo, anaingiza mkono, anapapasa, anatoa glavu, anakuambia: hana ugonjwa huyu, ana njaa. Mwongezee chakula. Na wewe unaelewa mara moja, wala hukimbilii nambari ya kwenye nguzo ya stima. Unajua kwamba mnyama anayetoa zaidi ya anachopata huanza kwa kufunga duka la uzazi, kwa sababu duka hilo ndilo pekee linaloweza kufungwa leo bila mwenye nyumba kufa kesho.

Mfugaji anajua hivyo kuhusu ng'ombe wake. Kwa mwanawe wa kiume anayekimbia, anashangaa.

Utaratibu wenyewe unafanana sana. Kwenye sakafu ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Ndiyo mhasibu. Kila baada ya muda hutuma ishara kwenye tezi ya pituitari iliyo chini yake, pituitari nayo hutuma homoni kwenye damu mpaka kwenye korodani, na korodani hutengeneza testosteroni, homoni kuu ya kiume. Sasa huyo mhasibu hupokea barua kutoka kila pembe ya mwili. Mafuta ya mwili humwandikia kupitia homoni iitwayo leptini: ghala limejaa, au ghala limepungua. Tumbo nalo humwandikia likiwa tupu. Barua za njaa zikizidi, mhasibu hupunguza ishara, korodani zenyewe zikiwa nzima kabisa. Ndiyo maana ukimpima kijana huyu unaweza kukuta visababishi vyote ambavyo watu huvidhania havipo: hana maambukizi, hana jeraha, hana laana. Kiwanda ni kizima, kimekosa oda kutoka makao makuu.

Na nawaomba msidhani testosteroni ni habari ya chumbani tu. Ndiyo inayosaidia mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni ambazo watu wa mlima tunajivunia. Ndiyo inayokarabati misuli iliyochanwa na mbio za jana. Inajenga mifupa. Inashika hata hali ya moyo: ikipungua, kijana anakuwa na hasira za ghafla, au anakaa tu ukutani akitazama. Kwa hiyo anayekula kidogo ili awe mwepesi akimbie vizuri, kuna siku atakuwa mwepesi na hatakimbia vizuri. Utasikia kocha akisema amekuwa mvivu. Ataongezewa kilomita.

Hapa wanawake wametutangulia, tena kwa mbali. Mkimbiaji wa kike mwili wake ukifunga duka, kalenda inamwambia: mwezi umepita, hakuna kitu. Kwa sababu ya dalili hiyo madaktari wa michezo walianza kulizungumzia tatizo hilo kwa wanawake tangu miaka ya 1990. Kwa wanaume ilichukua muda. Ni mwaka 2014 tu ndipo wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walipotoa waraka uliosema wazi kwamba upungufu huu wa nishati katika michezo unawapata wanaume pia, na kwamba unagusa homoni, mifupa, moyo, kinga na akili. Mwanaume hana kalenda. Ana dalili moja ambayo ingeweza kuwa kalenda, ile ya alfajiri kabla hajatoka kitandani, na wanaume wenzangu mnaijua. Ikikosekana siku moja si kitu. Ikikosekana wiki kwa wiki kwa kijana wa miaka 23, hiyo ni barua kutoka kwa mhasibu. Lakini nani atakwenda kumwambia kocha wake? Hata kumwambia mwenzake wa chumba ni kazi. Afadhali nguzo ya stima, pale hakuna anayekuuliza jina.

Mtaniuliza, wewe umeyatoa wapi haya, si Wakenya ndio wanaoshinda na vyakula hivihivi? Swali zuri, na nitalijibu kwa haki.

Mwaka 2004 Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake walichapisha utafiti ambao mpaka leo unatajwa duniani kote. Walikaa na wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu kambini, Bonde la Ufa, wakapima kila kilichoingia mdomoni kwa siku 7. Ugali, wali, viazi, kabichi, maharagwe, mkate, chai ya maziwa. Nyama mara 4 kwa wiki. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilikuwa wanga. Mafuta yalikuwa asilimia 13 tu. Sehemu ya tano ya nishati yote ilitoka kwenye sukari, ile ile ya kwenye chai. Na jambo lililowashangaza watafiti ni kwamba wanaume hawa walikuwa wakila takriban kilokalori 3,000 kwa siku huku miili yao ikitumia karibu 3,600.

Wapo walioshika habari hiyo na kuifanya sifa: tazameni, Wakenya hukimbia na njaa na bado wanashinda. Mimi naisoma vingine. Wiki ile ilikuwa karibu na mashindano. Upungufu mdogo wa siku chache hupunguza uzito kidogo, na mtu mwepesi hupanda kilima vizuri. Wale walikuwa kambini, wana mpishi, chai inakuja kwa saa yake, nyama mara 4. Kijana wangu wa Ruring'u hana mpishi, na wiki yake ya upungufu huanza Januari ikaisha Desemba. Anaiga njaa ya bingwa bila kuiga mpishi wa bingwa.

Tena saa zenyewe zina uzito wake. Mwaka 2018 watafiti wa Norwei waliwapima wanaume wa michezo ya ustahimilivu, wakitazama saa kwa saa mwili uko na deni kiasi gani. Waliokuwa na deni kubwa zaidi ndani ya siku walikuwa na kotisoli nyingi, hiyo ni homoni ya dhiki, na testosteroni yao ilikuwa imepungua ukilinganisha nayo. Maana yake ni kwamba unaweza kula vya kutosha ukihesabu usiku, lakini kama umekimbia alfajiri na tumbo tupu na ukasubiri mpaka saa nane ndipo ule chakula cha maana, mwili ulishaandika njaa kwenye daftari lake mchana ule.

Kisa ninachokipenda katika habari hii ni cha zamani kidogo, na kina viazi ndani yake, kwa hiyo watu wa Nyandarua sogezeni redio. Mwishoni mwa vita vya pili vya dunia, huko Minnesota nchini Marekani, mwanasayansi Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye afya, waliojitolea, akawalisha nusu tu ya walichozoea kwa wiki 24. Viazi, tanipu, mkate mweusi, makaroni. Walitakiwa kutembea kama kilomita 35 kwa wiki. Kwa wiki, wasikilizaji. Wakimbiaji wetu humaliza hizo kwa siku moja na robo. Vijana wale walipungua kama robo ya uzito wao. Wakawa wanaota chakula, wanasoma vitabu vya mapishi kama watu wanavyosoma riwaya. Na hamu ya wanawake ikawatoka kabisa. Hawakurogwa na mtu. Walipunguziwa sahani.

Na kama mnataka mkimbiaji hasa, yupo Ryan Hall, Mmarekani. Aliwahi kukimbia Boston kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 58, mwaka 2011. Januari 2016, akiwa na miaka 33, alitangaza kuacha mbio za ushindani, akasema waziwazi kwamba uchovu umemshinda na kwamba testosteroni yake imekuwa chini kwa muda mrefu. Sisemi ni chakula peke yake kilichomfikisha hapo. Kilomita nyingi kwa miaka mingi hupunguza homoni hiyo hata kwa anayekula. Ninachomsifia ni kinywa. Mwanaume alisimama mbele ya magazeti akataja homoni yake kwa jina. Huku kwetu tungemshauri aseme goti.

Sasa nirudi kwenye githeri, maana najua kuna shosho mahali amekunja uso anadhani nimemtukana.

Mwaka 1931 watafiti wawili wa enzi ya ukoloni, John Boyd Orr na J. L. Gilks, walichapisha ripoti iliyowalinganisha Wakikuyu na Wamaasai. Mmaasai wa maziwa, nyama na damu, walisema, alikuwa mrefu kuliko Mkikuyu kwa inchi 5 hivi, mzito kwa ratili 23, na mwenye nguvu za misuli zaidi kwa nusu. Ripoti hiyo imetumika sana kutudharau sisi wa nafaka. Lakini isomeni mkikumbuka mwaka wenyewe: mashamba yalikuwa yamechukuliwa, wanaume walikuwa vibarua, mahindi yalikuwa yameshasukuma mtama na wimbi pembeni. Na humohumo ndani ya ripoti kuna jambo ambalo wasomaji wengi huliruka. Wanawake wa Kikuyu hawakuwa na pengo kubwa namna hiyo na wenzao wa Kimaasai, kwa sababu wao walikula mboga za majani kwa wingi, mboga ambazo wanaume waliziona chakula cha kike. Tafadhali, wanaume wa Murang'a, msinipigie simu. Nasema ya mwaka 1931.

Kwa hiyo githeri si adui. Mahindi na maharagwe yakikutana hukamilishana katika protini. Shosho alilijua hilo kabla ya maabara. Adui ni githeri iliyoachwa peke yake, mahindi matatu kwa haragwe moja, siku saba kwa wiki, bila tone la mafuta. Kwenye mahindi na nafaka nzima kuna kitu kiitwacho faiteti, ambacho huikamata zinki tumboni na kutoka nayo. Na zinki inahusika moja kwa moja na habari yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari Ananda Prasad alikuta huko Shiraz, Iran, vijana wa miaka 20 na ushei wenye miili ya watoto, hawajabalehe. Chakula chao kilikuwa mkate usiochachushwa, nyama karibu hakuna. Uchunguzi uliofuata huko Misri ukaonyesha ni upungufu wa zinki. Mwaka 1996 Prasad na wenzake walipunguza zinki katika chakula cha kundi dogo la vijana wazima, na baada ya wiki 20 testosteroni yao ilikuwa imeshuka mpaka karibu robo ya mwanzo.

Sasa sikilizeni akili ya zamani. Uji mchachu, ule uliokaa kwenye kibuyu mpaka ukakaza ulimi, umepunguziwa faiteti na uchachu huo. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha, vilevile. Wazee hawakujua neno zinki, walijua tu uji upi humshikilia mtu akipalilia mpaka jioni. Sisi tumeuacha kwa sababu unanuka, tukachukua andazi. Na kuna hili la unga: tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe zinki, chuma na vitamini. Unga wa kinu cha posho hauongezwi. Sisemi mwache kinu cha posho, mahindi ya shambani kwako ni yako. Ila ukila unga huo kila siku, jua kwamba zinki italazimika kutoka mahali pengine, na mahali hapo panajulikana: maharagwe, mayai, maziwa, omena, matumbo, na ile mutura ya jioni ambayo wenye suti hujifanya hawaili.

Mafuta nayo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021, uliokusanya majaribio kadhaa madogo, ulikuta wanaume wakipunguza sana mafuta katika chakula, testosteroni yao hushuka kama asilimia 10 hadi 15. Wala haishangazi, maana homoni yenyewe hutengenezwa kutokana na kolesteroli. Nami kila nikipita Murang'a nikaona malori ya parachichi yanaelekea bandarini, nafikiria wale vijana watatu wa Ruring'u na githeri yao kavu. Parachichi linapanda meli kwenda kumpaka Mzungu mkate, mkimbiaji aliyezaliwa chini ya mti wake anashindia mahindi makavu.

Vijana wa vyumba vya kunyanyua vyuma, nanyi nimewaona. Ninyi kosa lenu ni la upande wa pili: mayai 10 na unga wa kopo, wanga hamtaki kuuona. Mtu anayefanya mazoezi makali akikata wanga, kotisoli hupanda na testosteroni hulegea. Kula kiazi, kijana. Hakitakuuma.

Kuna mambo mawili siwezi kuyapita kwa sababu ya mahali nilipo. La kwanza ni pombe. Eneo hili lilifikia hali ambayo Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliwaagiza wabunge wa huku waongoze kuiharibu ile haramu. Pombe nyingi huingia mpaka korodani na kuvuruga kiwanda chenyewe, hapo si suala la oda tena. Mkimbiaji akishinda mbio moja Ulaya akarudi na pesa, marafiki wa kumnywesha huwa wengi kuliko wa kumlisha.

La pili ni njia ya mkato. Kijana amechoka, nyakati zake zimeshuka, hamu imekwisha. Mtu anamwambia kuna sindano, au kuna vidonge vya kurudisha nguvu. Testosteroni ya dukani imepigwa marufuku katika michezo, na tangu 2016 tuna wakala wa taifa wa kupambana na dawa hizo na sheria yake. Kilichokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama uliambiwa ni mitishamba. Lakini tuache sheria. Mhasibu akiona testosteroni imejaa kwenye damu, kutoka popote, hufunga oda zote. Korodani husinyaa. Mbegu hupungua, wakati mwingine kwa miezi mingi baada ya sindano kuachwa. Yaani mtu amekwenda kutafuta uanaume, akarudi ameuza kiwanda.

Kwa hiyo afanyeje? Kwanza asipuuze. Kuvunjika mfupa mdogo wa mguu bila kuanguka, mafua yasiyoisha, usingizi wa kukatika, ile kalenda ya alfajiri: vikikutana viwili vitatu, aende hospitali, hata hii ya rufaa ya Nyeri, aseme yote bila kuficha. Kipimo cha testosteroni huchukuliwa asubuhi, kwa sababu homoni hiyo huwa juu alfajiri na kushuka jioni, na hurudiwa siku nyingine kabla mtu hajahukumiwa. Pengine daktari atakuta jambo lingine kabisa, ndiyo sababu ya kwenda. Lakini likiwa ni la njaa, dawa yake ni kupunguza kilomita kwa muda na kuongeza chakula, na uvumilivu, maana mhasibu haamini mlo mmoja. Hungoja wiki, hungoja miezi, mpaka asadiki kwamba kiangazi kimeisha.

Na makocha, ndugu zangu, swali la umekula nini lisiwe la kumwuliza anayetapika tu.

Karibu na kwangu, njia ya Kiganjo, kuna mama mmoja ana kijana anayekimbia. Hajasoma makala yoyote kati ya haya niliyoyataja. Alimwona tu mwanawe amekaa kama ndama wa kiangazi. Siku hizi saa kumi na moja alfajiri hutoka na chupa ya chai, ndani yake uji mchachu uliotiwa maziwa, huiweka juu ya nguzo ya lango pamoja na ndizi mbili. Kijana hunywa kikombe kimoja akitoka, na kingine anaporudi kabla hata hajavua viatu. Nilimwuliza mama, unajuaje kama anakunywa, asije akaumwaga kwenye mgomba? Akasema: mimi naifuata chupa saa mbili, naitikisa sikioni, na mgomba nauangalia.